Mijusi wa Kisiwani Katika Baridi ya Nyeri

Atieno alinipigia simu nikiwa uani kwangu Mweiga, nachambua maharagwe. “Anti Wairimu,” akasema, “Baba ametuacha. Tutamzika kisiwani Jumamosi.” Nikaweka ungo chini. Mwalimu Okelo alikuwa mzee sana, na tangu mkewe afariki nilijua simu hiyo iko njiani, lakini maharagwe yale sikuyamaliza siku hiyo. Miguu yangu haivumilii tena safari ya kutwa, kwa hiyo sikwenda. Baada ya matanga Atieno alikuja mwenyewe. Alikaa jikoni kwangu, mama mtu mzima mwenye mvi, akanywa chai taratibu, kisha akasema lililomleta. “Mama aliwahi kuniambia kwamba Baba aliwaacha wanyama wake Nyeri. Kila nilipomuuliza Baba, alinyanyuka akatoka nje. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni baridi tu. Walikuwa wanyama gani, Anti?” Nikamwambia walikuwa mijusi. Alicheka kidogo akidhani namtania, halafu akaniona usoni, akaweka kikombe mezani.

Mwaka ule Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mimi nilikuwa sijatimiza miaka ishirini. Nilikuwa nimepata kazi ya kusaidia maabara katika shule moja ya upili ya wavulana, kando ya mji wa Nyeri: kuosha chupa, kupanga vifaa, kufagia. Hapakuwa na mahali pa kulala msichana pale shuleni, kwa hiyo Mwalimu Okelo, aliyefundisha bayolojia, na mkewe wakanipa chumba kilichokuwa stoo yao. Kilinuka viazi na mafuta ya taa, dirisha lake lilikuwa dogo kama daftari, lakini lilitazama mashariki, na asubuhi isiyo na ukungu niliuona mlima mzima na theluji yake kabla sijavaa viatu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya kijivu, moja katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa shule, na kuta zake zilipitisha maneno. Ukikohoa, jirani alikwambia pole. Sebuleni palikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, redio kubwa ya mbao, na kando ya ukuta, pale ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo, palikuwa na sanduku la kioo lenye mawe ndani na balbu iliyowaka kutwa kucha. Mwalimu aliliweka nyumbani kwa sababu maabara ilizimwa umeme jioni, na baridi ya Nyeri ingewaua waliokuwamo.

Nilipowaona mara ya kwanza nilirudi nyuma hadi mlangoni. Kwetu mjusi akiingia nyumbani hufukuzwa kwa ufagio, na mama yangu hakupenda hata kumtaja wakati wa chakula. Hawa walikuwa wa rangi ya jiwe, wenye madoa kama kuvu ya mwambani, bapa kana kwamba mtu amewakanyaga. Walining'inia kichwa chini kwenye jiwe bila kuanguka. Macho yao hayakuwa na kope, na yakiingia vumbi waliyaramba kwa ulimi. “Waswahili wa pwani humwita jamaa yao mjusi kafiri,” Mwalimu alisema, akinitazama ninavyotetemeka. “Lakini hawa wangu ni Wakristo. Wamezaliwa nyuma ya kanisa letu.” Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha mawe katika ziwa kubwa la magharibi. Mijusi hawa, alisema, walikuwa kwenye kisiwa hicho na si kwingine kokote. Kila likizo alikwenda kwa mtumbwi hadi visiwa vya jirani, vyenye mawe yaleyale na wadudu walewale, akapekua nyufa hadi akachubuka vidole, asione hata mkia. “Ukisimama kwetu unaona moshi wa jikoni wa kisiwa cha pili,” alisema. “Watu wanavuka kwenda kuoana. Kuku wanavuka. Kwa nini yeye havuki?” Swali hilo lilimkalia rohoni kama mtu mwingine anavyokaliwa na deni au mapenzi. Alitaka kwanza ajue mayai yao huchukua muda gani kuanguliwa na huvumilia baridi kiasi gani, na ndiyo maana aliwabeba wachache hadi kwetu, ndani ya kikapu kilichofungwa shuka, wakapanda naye huku juu kwenye ukungu.

Kazi ya kuwatafutia chakula ikawa yangu. Nilikamata nondo kwenye taa za bweni na panzi kwenye nyasi za uwanja wa mpira, na baada ya wiki kadhaa nikaacha kutetemeka. Nilijifunza kumtambua jike mkubwa aliyekatika mkia, na dume ambaye alisimama mlangoni mwa ufa wake kama askari wa zamu. Baadaye yule jike alitaga mayai mawili meupe, akayabandika kwenye jiwe yakashika kama chokaa. Mwalimu aliwasha tochi kando ya yai moja akanionyesha kivuli chekundu ndani. Alinong'ona, mtu ambaye darasani alisikika hadi barabarani. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote tangu hapo, na nikiulizwa nilianzia wapi, huwa nataja chuo. Si kweli. Nilianzia pale, nimepiga magoti kwenye sementi baridi, nikitazama kivuli ndani ya yai.

Mkewe tulimwita Mama Atieno. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya mjini, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na yeye ndiye aliyenilisha samaki kwa mara ya kwanza. Kwetu siku zile samaki alihesabiwa pamoja na nyoka. Aliniwekea kipande kidogo pembeni mwa ugali, akasema, “Onja tu. Ukifa nitakuzika mimi mwenyewe.” Nilionja, sikufa, nikaomba kingine. Naye alijifunza kupika githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu, kwa jirani yetu wa ukuta wa pili, Mama Kariuki, mke wa karani wa shule. Wanawake hawa wawili waliazimana chumvi, makaa na watoto. Atieno na Kariuki walikuwa rika moja, wakicheza kwenye matope ya bomba hadi huwezi kumjua wa nani ni yupi. Kiswahili cha Mama Kariuki kilikuwa cha kuokota sokoni na cha Mama Atieno kilikuwa cha hospitalini, lakini walielewana, na jioni niliwasikia wakicheka pale kwenye ua wa michongoma uliotenganisha nyumba zetu.

Halafu, Julai, mchana mmoja wa Jumamosi, redio ikasema kwamba waziri mmoja kijana, mtu wa upande wa ziwani, amepigwa risasi barabarani Nairobi. Mwalimu alikuwa ameshika panzi kwa vidole viwili. Alimwachilia akaruka chini ya viti. Hakuna aliyemfuata. Mama Atieno alifunika sufuria, akazima jiko, akaketi na kitambaa mdomoni, na tulikaa hivyo hadi chakula kikapoa. Nilikuwa mgeni katika kilio kile, na nilijua hivyo. Kupitia ukutani nilisikia karani akimwambia mkewe kwa Kikuyu, bila kupunguza sauti, kwamba sasa hawa watu watatulipiza sisi Wakikuyu, na kwamba asimwone tena pale uani na yule mama. Mama Kariuki alisema kitu ambacho sikukisikia. Karani akajibu, “Na yale mambo wanayofuga ndani? Unafikiri ni ya nini?”

Tangu hapo mijusi wakawa habari ya safu nzima. Walioingia sebuleni kwetu mara nyingi wakanywa chai karibu na lile sanduku wakaanza kusema hawakuwahi kulipenda. Ilisemekana Mwalimu huwalisha damu. Ilisemekana huwatuma. Asubuhi moja tulikuta mtu ameandika MCHAWI kwa chaki mlangoni, kwa mwandiko mzuri wa mwanafunzi, na Mwalimu aliufuta kwa mkono wa koti lake akaenda kufundisha. Wavulana waliacha kumsalimu kwanza. Kwenye ua, Mama Kariuki alianika nguo zake akiwa ametupa mgongo, na Kariuki akimkimbilia Atieno, aliitwa arudi.

Zikaja zile wiki za malori. Watu wa rika langu wa Nyeri na Murang'a wanajua ninachosema nikisema watu walikuwa wanapelekwa “kunywa chai”, yaani kuapishwa kwamba serikali haitatoka mikononi mwa Wakikuyu. Baba yangu mdogo alinijia shuleni akiwa amevaa koti la Jumapili. “Twende, mama,” akaniambia, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. “Kila mtu wa nyumba yetu amekwenda. Ukikataa, ni mimi watakayemuuliza.” Nikapanda lori pamoja na wengine wengi, wazee kwa vijana, wengine wakiimba, wengine kimya kabisa. Yaliyotendeka huko sitayasimulia, hata kwa Atieno sikuyasimulia. Nitasema tu kwamba niliapishwa maneno ambayo sikuyachagua, na kwamba mzee mmoja wa kanisa aliyekataa alipigwa mbele yetu mpaka akanyamaza.

Nilirudi nyumbani kwa Mwalimu asubuhi, matope hadi magotini, nywele zimetimka. Walikuwa mezani. Walinitazama, na nikaona kwamba wanajua nimetoka wapi, maana nani hakujua? Nikasimama mlangoni. Nilifikiri wataniambia nichukue nguo zangu. Mama Atieno alinyanyuka, akaleta karai la maji ya moto, akaninawisha mikono yeye mwenyewe kama anavyonawishwa mtoto, kidole kwa kidole. Kisha akaniwekea sahani. Samaki alikuwamo. Mwalimu alisema, “Wairimu, hutaniambia, na mimi sitakuuliza. Kula.” Nilikula huku machozi yakidondokea ugali. Hapajatokea chakula kingine maishani mwangu kilichonipita kooni kwa shida namna ile, wala ambacho nakishukuru zaidi.

Siku chache baadaye Kariuki akaugua surua. Kwanza tulisikia kikohozi, halafu tukasikia pumzi yenyewe kupitia ukutani, fupi, ya kukwaruza. Karani hakuwapo, alikuwa amekwenda upande wa Kangema kwa shughuli zilezile za malori. Mama Atieno aliporudi kutoka zamu yake ya usiku alisimama katikati ya sebule akiwa bado na kofia ya kazi, akasikiliza. “Huyo ameshikwa na kifua,” akasema. Akatoka moja kwa moja hadi kwenye ua. Nilimfuata.

“Mama Kariuki, nifungulie nimwone mtoto.”

Yule mama alisimama mlangoni pake, amejifunga shuka, macho mekundu. “Hapana. Wewe usiguse mtoto yangu.”

“Mtoto anakosa hewa. Nasikia kutoka kwangu. Tumpeleke hospitali sasa hivi.”

“Hospitali ni wewe uko huko!” akasema. “Na hizo mijusi ziko kwa nyumba yako. Ati hizo ndizo zinakula pumzi yake. Kila mtu anasema. Kwanza ziishe.”

Nilimwambia kwa Kikuyu kwamba nimewalisha kwa mkono wangu na niko hai. Akanijibu kwa Kikuyu, bila hasira, kwamba mimi bado sijazaa. Halafu akafunga mlango.

Mama Atieno alirudi ndani. Mwalimu alikuwa anajiandaa kwenda darasani, amefunga tai. Alimweleza kwa lugha yao, kisha, kwa vile nilikuwa nimesimama pale, wakaendelea kwa Kiswahili.

“Nikiwaondoa mijusi, watapata kitu kingine,” Mwalimu akasema. “Watasema ni redio. Watasema ni samaki. Mama Atieno, si mijusi wanaoogopwa hapa.”

“Najua.”

“Basi?”

“Basi leo ni mijusi,” akasema mkewe. “Kesho watasema mengine, na tutajua la kufanya kesho. Mtoto huyu hafiki kesho.”

Mwalimu aliketi. Mbele yake, ndani ya kioo, mayai yalikuwa yamegeuka rangi ya kijivu hafifu, dalili aliyokuwa akiingojea kwa majuma, kwamba waliomo wako karibu kutoka. Alifungua tai yake akaiweka magotini. Kupitia ukutani pumzi ya Kariuki iliendelea, ikakatika, ikarudi. Ilipokatika tena, Mwalimu alinyanyuka. “Wairimu, chemsha maji,” akasema. “Halafu mwite. Mwambie kwa lugha yenu. Asije akasema hakuelewa.”

Alilibeba sanduku peke yake hadi uani, akaliweka kwenye nyasi zenye umande. Balbu ilikwisha chomolewa, na mijusi, kwa baridi ile, walikuwa tayari wanakwenda polepole kama wazee. Mama Kariuki alitoka akasimama upande wake wa michongoma, na majirani wengine wakatokea milangoni. Mwalimu alimwambia angeweza kwenda kuwatupa mbali, mtoni. Nikatafsiri. Mama Kariuki akatikisa kichwa. “Watarudi,” akasema. “Nataka niwaone wamekufa.” Nikatafsiri na hilo. Mwalimu akanyoosha mkono, nikampa sufuria.

Aliwamwagia maji mwenyewe. Hakumwita mtu amsaidie, wala hakugeuza uso. Dume lilijaribu kupanda kioo na nusura lifike juu. Kisha alichukua lile jiwe lenye mayai, akaliweka chini, akayavunja kwa jiwe jingine, moja, halafu la pili. Palikuwa na kitu kidogo ndani, chenye vidole. Nilikiona, naye alikiona. Alijipangusa mikono kwenye suruali yake ya kazini akamtazama Mama Kariuki ng'ambo ya ua.

“Wamekufa,” akasema. “Sasa mruhusu mke wangu aingie.”

Mama Kariuki alifungua mlango. Mama Atieno alipita mbio, akatoka na mtoto ndani ya blanketi, na gari la shule likawapeleka wote mjini. Kariuki alilazwa siku nyingi. Usiku Mama Atieno alikuwa zamu kwenye wodi hiyohiyo, na mchana, badala ya kuja kulala, alikaa kando ya kitanda chake. Mtoto akapona. Alibaki na kikohozi na jicho moja lenye weupe kidogo, lakini akapona.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalitulia baada ya hapo. Karani aliporudi na kusikia, hakuja kusema neno. Kwenye safu watu walianza kuulizana: kama hawakuwa mijusi wa uchawi, kwa nini mwenyewe aliwaua? Na mbona mtoto alipona mara tu walipokufa? Tendo lile lile likageuka kuwa ushahidi. Mwalimu aliyasikia hayo kupitia ukutani kama nilivyoyasikia mimi. Hakuleta wengine. Sanduku lilibaki nyuma ya jiko, likikusanya majani. Siku moja, nikiosha vyombo, nilimuuliza kama anawaza kuhusu wale mijusi. “Kisiwani wamejaa,” akasema. “Kila ufa una mwenyewe. Sijamaliza kabila la mtu. Lakini hawa walinizoea, Wairimu. Yule jike alikuwa anakuja mkononi.” Akatoka nje, na hilo ndilo neno la mwisho nililomsikia akilisema juu yao. Kwa hiyo Atieno aliponiambia kwamba baba yake alinyanyuka kila alipoulizwa, niliujua mwendo huo.

Uhamisho wao ulikuja kabla shule haijafungwa. Nani aliuomba, sikupata kujua. Walipakia vitu kwenye lori asubuhi, redio juu ya magodoro, na Atieno akapandishwa mbele akilia kwa kuwa hakuruhusiwa kwenda kumuaga Kariuki. Mama Atieno alinikumbatia akaniambia niende chuo, nisibaki kuosha chupa za watu. Mwalimu alinipa mkono kama anavyopewa mwalimu mwenzake. Lori likashuka barabara ya mjini, na hakuna mlango uliofunguka katika safu nzima.

Nilibaki mle ndani hadi mwisho wa mwezi. Kesho yake baada ya lori kuondoka, saa za mchana, watu wakiwa kazini, nilisikia mtu akigonga mlango wa nyuma. Alikuwa Mama Kariuki. Kwapani alikuwa na kuku mkubwa wa kutaga, amefungwa miguu kwa ukambaa, na alikuwa amejipaka mafuta usoni kama mtu anayekwenda ugenini.

“Nimemletea Mama Atieno,” akasema kwa Kikuyu. “Mwite.”

“Wameondoka jana, Mama Kariuki. Uliliona lori.”

“Niliona lori. Nilifikiri ni vitu tu vimetangulia.” Alitazama sebule tupu nyuma yangu. “Ningekuja jana. Lakini Baba Kariuki alikuwa nyumbani.”

Akaketi kwenye kizingiti, kuku magotini, akaniuliza kwao ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni mbali, kwamba barabara ikiisha bado kuna maji ya kuvuka. Akauliza kama kuku anaweza kutumwa. Nikamwambia haiwezekani.

“Mtoto wangu amelala mikononi mwake wiki nzima,” akasema, “na mimi sijui jina lake. Mama Atieno si jina. Hilo ni la mtoto.”

“Anaitwa Rosbela.”

“Rosibera,” akasema.

“Rosbela.”

Alijaribu tena, na tena likamshinda ulimi. Alinyanyuka, akamweka kuku vizuri kwapani, akachungulia kushoto na kulia. Kisha akarudi kwake kwa kuzunguka nyuma ya majiko, asije akaonekana, huku midomo yake ikilirudia lile jina.